Jinsi ya Kumfundisha Mwanafizikia Kuandika Programu na Bado Mkasalimiana

Mwanafunzi wako utamtambua kabla hajakutajia jina. Kompyuta yake mpakato imefunikwa na vibandiko vya mikutano ya kimataifa. Anaweza kukuandikia mlinganyo wa Dirac kwenye karatasi ya kufutia mikono. Lakini ukimwomba akuonyeshe programu aliyochambulia data za tasnifu yake, atafungua folda yenye uchambuzi, uchambuzi_mpya, uchambuzi_mpya_sahihi, uchambuzi_wa_mwisho, na lile faili analolitumia kweli, ambalo linaitwa jaribu2. Muulize kwa nini jaribu2. Atakujibu, kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi mkononi, kwamba ndilo linalofanya kazi.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepewa jukumu la kumfundisha. Huenda ni mhandisi wa programu uliyeombwa na chuo, au ni mwanafizikia mwenzao uliyechaguliwa kwa sababu siku moja ulionekana ukiitengeneza printa ya idara ikatengenezeka. Una siku tatu, ukumbi wenye soketi chache za umeme, na watafiti ishirini ambao wengi wao wana shahada nyingi kuliko zako. Usiogope. Watu hawa wanafundishika, tena vizuri mno, mradi uanzie mahali panapofaa.

Usianze kwa kuwaambia kwamba hawajui kuandika programu. Si adabu, na si kweli. Lugha ya Fortran ilipotolewa na IBM mwaka 1957, wanafizikia waliipokea mapema na hawajaiacha kabisa mpaka leo. Wavuti yenyewe ilibuniwa CERN, ile maabara ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, pale Tim Berners-Lee alipopendekeza mwaka 1989 njia ya kuwaunganisha watafiti waliotawanyika dunia nzima. Humo humo, katikati ya miaka ya 1990, René Brun na Fons Rademakers walianzisha ROOT, ambayo hadi sasa ndiyo inayotunza na kuchambua data za migongano ya chembe. Geant4, inayoiga safari ya chembe ndani ya vigunduzi, leo inatumika pia kukadiria mionzi katika tiba ya saratani na katika vyombo vya anga za juu. Kwa hiyo ukiingia ukumbini kama mjumbe aliyewaletea nuru watu waliokaa gizani, kuna profesa wa mstari wa nyuma atakayekukumbusha, kwa upole wote, kwamba alikuwa akiandika Fortran kabla wazazi wako hawajaoana. Msikilize. Ana haki.

Shida yao iko kwingine. Wameandika programu maisha yao yote bila kufundishwa na mtu. Kila mmoja alirithi mafaili ya aliyemtangulia, akayabandikia chake, akaendelea na safari. Na programu wanaiona kama fundi mwashi anavyoliona jukwaa la mbao: husimamishwa haraka, na nyumba ikiisha hubomolewa, kwa hiyo hakuna haja ya kulipiga randa. Kumbe katika maabara jukwaa halibomolewi. Mwanafunzi anayefuata hulipanda, akaongeza ubao wake na misumari yake, na baada ya miaka kumi kikundi kizima kinafanya kazi juu ya mbao ambazo hakuna ajuaye nani alizipigilia.

Ndiyo maana kuna jambo moja linalotakiwa kuingia vichwani mwao kabla ya amri yoyote ya kompyuta: programu ni kifaa cha maabara, sawa na kipimajoto, darubini na mizani. Hakuna mwanafizikia anayekiamini kipimajoto ambacho hakijasawazishwa. Hakuna anayechukua kipimo bila kuandika tarehe na hali ya kifaa kwenye daftari. Hakuna anayethubutu kutoa tarakimu bila kusema kosa lake ni kiasi gani. Haya wanayajua kuliko wewe. Kazi yako ni kuwaonyesha kwamba yanaihusu programu pia, na ukifanikiwa hapo, yaliyobaki ni kuandika kwa kibodi tu.

Asubuhi ya kusakinisha

Usipojihadhari, siku yako ya kwanza italiwa yote na kusakinisha programu. Watumie maelekezo wiki moja kabla, na wakikujibu kwamba wameshamaliza, waombe picha ya skrini. Mwanafizikia akisema amemaliza, mara nyingi ana maana kwamba amesoma maelekezo, akayaelewa kinadharia, na haoni sababu kwa nini yasifanye kazi.

Atakuwepo mwenye kompyuta ya ofisi inayohitaji nenosiri la fundi aliyeko likizo. Atakuwepo mwenye matoleo manne ya Python, asiyejua ni lipi linalomjibu anapoita. Kama intaneti ya ukumbini ni ya kutegemewa, andaa kila kitu kwenye seva, wao wafungue kivinjari tu. Kama si ya kutegemewa, beba flashi zenye kila faili la somo, na beba nyingi. Kozi za kimataifa zinazokuja kwetu hukusanya watu wa nchi nyingi wenye kompyuta za kila umri. Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi na Matumizi Yake, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2010, ilifanyika Kigali mwaka 2016. Mji huohuo sasa una taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa kimsingi, iliyo mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia. Wanafunzi wa namna hii wamesafiri mbali kuja kujifunza, na asubuhi yao ina thamani kubwa mno kuiachia kisakinishi kinachozunguka kwenye skrini.

Wape myuoni

Vitabu vingi huanza kwa kumfanya mwanafunzi aiamuru kompyuta isalimie dunia. Mwanafizikia hana haja ya salamu. Anataka data, na ukimpa za mfano wa maua au bei za nyumba atakuvumilia kwa heshima huku moyo wake uko maabara.

Mpe za kwake. Tangu 2014 CERN ina hazina ya data huria ambayo mtu yeyote anaweza kupakua bila malipo. Humo kuna faili moja la kigunduzi cha CMS, la migongano ya mwaka 2012, lenye matukio zaidi ya milioni 61 yenye myuoni, wale ndugu wazito wa elektroni. Kipande kidogo tu cha faili hilo kinatosha darasa. Waambie wachague matukio yenye myuoni mbili za chaji zinazopingana, wakokotoe tungamo la jozi, wachore histogramu. Kwa Python ni mistari isiyozidi ukurasa mmoja.

Kisha nyamaza uwatazame. Kwenye GeV 3.1 (GeV ni kipimo cha nishati ambacho wanafizikia wa chembe hupimia hata tungamo) kutachomoza kilele chembamba: ni J/psi, chembe iliyotangazwa Novemba 1974 na vikundi viwili vya Marekani kwa wakati mmoja, kimoja cha Brookhaven na kingine cha Stanford, viongozi wao wakapata Nobeli miaka miwili baadaye. Mbele kidogo, karibu na GeV 9.5, kuna upsilon, ya mwaka 1977. Na mbali kule kulia, kwenye GeV 91, kimesimama kilele cha chembe Z, iliyogunduliwa CERN mwaka 1983. Kijana ambaye jana hakujua kufungua dirisha la amri ameona kwa macho yake, kwa programu aliyoiandika mwenyewe, uvumbuzi ulioshughulisha vikundi vizima vya watafiti. Nimeshawaona watu wazima wakisimama kwenye viti kumwita jirani aje aone. Hakuna somo la lugha ya kompyuta litakalokupa dakika kama hiyo.

Ukumbi ukitulia, uliza swali moja: umejuaje kwamba grafu yako ni sahihi?

Kutakuwa na kimya. Hatimaye mmoja atasema: kwa sababu Z imetokea palepale inapotakiwa kutokea. Basi mshukuru, maana amekufundishia somo gumu kuliko yote. Programu ikipewa kitu ambacho jibu lake linajulikana, lazima itoe jibu hilo. Ikishindwa, isimame na kupiga kelele. Waandike sharti hilo kwa mistari miwili mitatu, kwamba kilele kikitoka mbali na 91 programu isiendelee, na sharti hilo lipimwe kila mara wanapobadilisha chochote. Wahandisi wana msamiati mrefu wa mambo haya. Uache nje ya ukumbi siku hiyo. Wao wana neno lao, kusawazisha, na linatosha.

Sasa haribu. Kwenye fomula ya tungamo kuna alama ya kutoa kati ya vipengele viwili; waambie waigeuze iwe ya kujumlisha, waendeshe tena. Kilele cha Z kitatoweka, na kompyuta haitasema neno. Grafu itachorwa vilevile, rangi zilezile, mihimili imeandikwa vizuri, tayari kupelekwa kwenye jarida. Wenye sharti lao watazuiwa hapo hapo. Wasio nalo wataipenda.

Hapo ndipo pa kuwasimulia kisa cha mwaka 2006. Maabara moja ya Marekani iliyokuwa ikichunguza maumbo ya protini kwa eksirei ililazimika kuyafuta machapisho matano, matatu kati yake yakiwa yametoka katika jarida la Science. Programu yao ya kuchakata data, waliyoirithi kutoka maabara nyingine, ilikuwa imebadilishana safu mbili za tarakimu, na ramani ya elektroni ikatoka imepinduka. Hakukuwa na udanganyifu. Kulikuwa na programu ya urithi ambayo hakuna aliyeisawazisha, na wenzao wa maabara nyingine, waliokuwa na matokeo tofauti, walipata shida kuyashawishi majarida yayapokee. Kosa lilijulikana pale watafiti wa Uswisi walipochapisha umbo la protini ya jamii hiyo na maumbo yakakataa kulingana. Nasisitiza kisa hiki kwa sababu kila mwanafizikia uliye naye ukumbini ana programu ya urithi. Msimulie mpaka aanze kuiwaza ya kwake.

Git, na nadharia ya grafu inayokuvizia

Git ilitengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watu wanaoandika kiini cha Linux, na majina ya amri zake yanaonyesha hivyo. Fundisha vitendo vinne tu: kuhifadhi toleo, kutazama yaliyopita, kurudi nyuma, kutuma kwa wenzako. Mwanafizikia atataka zaidi. Atakuuliza kama historia ya matoleo ni grafu yenye mwelekeo isiyo na mzunguko. Ndivyo ilivyo. Mjibu ndiyo, mpongeze, na msonge mbele, la sivyo chakula cha mchana kitawakuta kwenye nadharia ya grafu na hakuna aliyehifadhi faili hata moja.

Ili akubali, mkumbushe daftari la maabara. Hajawahi kuchana ukurasa wa kipimo cha jana ili aandike cha leo, lakini na programu anafanya hivyo kila siku anapofuta mistari na kuandika mingine juu yake. Halafu mpe jaribio: grafu ya tatu kwenye chapisho lake la mwaka juzi, anaweza kuichora tena leo, ikatoka ileile? Wengi hawawezi. Mwenye kuandika namba ya toleo la programu pembeni ya kila grafu anaweza. Na ujumbe anaouacha kwa kila toleo useme kitu. "Nimerekebisha" haumwambii mtu chochote. "Nimeondoa myuoni zenye nishati chini ya GeV 5" unamwambia kila kitu, hata yeye mwenyewe miezi sita ijayo.

Kuhusu majina, uwe mkali. Kwenye ubao m ni tungamo na ulimwengu mzima umekubali. Ndani ya programu yake mtakuta m, mm, m1 na m2, na hapo lazima aulizwe: m2 ni tungamo la pili au ni tungamo kwa kipeo cha pili? Ukimwona anafikiri, umeshinda. Jina libebe kipimo chake, nishati_gev, urefu_mm, hata kama linarefuka. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa msukumo wa injini kwa paundi, na nyingine ikausoma kwa nyutoni. Mfano huu hauhitaji maelezo. Kila aliyewahi kusahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza ameshakata alama kwa kosa hilohilo.

Waonyeshe pia kwamba Python, ikiulizwa 0.1 ukijumlisha 0.2, hujibu 0.30000000000000004. Watacheka. Waache wacheke, kisha waeleze Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991. Mtambo wa Patriot wa kutungua makombora ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na 0.1 haiandikiki kikamilifu kwa tarakimu za kompyuta. Makosa madogo yalijilimbikiza mpaka theluthi moja ya sekunde, mtambo ukalitafuta kombora mahali lisipokuwepo, na wanajeshi 28 wakauawa kambini.

Ukiwa ukumbini

Mikono yako isiguse kibodi ya mwanafunzi. Hata akiandika polepole, hata kosa liko wazi na kidole chako kinawasha. Ukimwandikia wewe, umeandika wewe. Simama nyuma yake, mwulize kompyuta imesema nini, na msome pamoja ujumbe wa hitilafu mpaka mstari wa mwisho. Wanafizikia wana tabia ya kuufunga ujumbe huo upesi kama barua ya benki.

Tumia karatasi za rangi za kubandika. Mbinu hii imeenezwa na Software Carpentry, mradi ulioanzishwa mwaka 1998 na Greg Wilson na Brent Gorda katika maabara ya Los Alamos, mahsusi kwa ajili ya watafiti. Aliyekwama hubandika rangi moja juu ya skrini, aliyemaliza hubandika nyingine. Mtu mwenye uzamivu haoni aibu kubandika karatasi, ilhali kunyoosha mkono mbele ya wanafunzi wake mwenyewe ni mlima. Na wewe andika programu mbele yao, mstari kwa mstari, bila slaidi. Ukikosea, tafuta kosa kwa sauti wakusikie. Kuona jinsi mzoefu anavyolisaka kosa ni nusu ya walichokifuata.

Yule profesa wa mstari wa nyuma, mfuate mapema. Mwamkie ipasavyo, shikamoo Profesa, na umwombe aketi na kijana anayejua Git lakini hajui fizikia ya kutosha. Kabla ya saa kumi watakuwa wanafundishana, na Profesa atakuwa anawauliza wengine wote kama wamehifadhi matoleo yao.

Siku hizi utamkuta pia anayeandikiwa programu yote na akili mnemba. Usimkemee. Mwulize lile swali la Z. Programu iliyoandikwa na mashine ni programu ya urithi kama nyingine, tofauti ni kwamba aliyekurithisha hana ofisi ya kugongea mlango. Mwenye mazoea ya kusawazisha ataitumia vizuri kuliko wote ukumbini.

Yote haya hayatadumu iwapo mtafiti atarudi idarani akakuta kazi hii haihesabiwi. Mwaka 1955 ilitoka Los Alamos ripoti ya Enrico Fermi, John Pasta na Stanislaw Ulam kuhusu mtetemo wa uzi, uliokokotolewa kwa kompyuta ya MANIAC. Nishati waliyotarajia isambae ilirudi karibu yote pale ilipoanzia, na mshangao huo ukafungua tawi zima la fizikia. Aliyeiandikia kompyuta maagizo ya kazi hiyo alikuwa Mary Tsingou. Jina lake liliwekwa kwenye shukrani, na kwa zaidi ya miaka 50 tatizo hilo likaitwa kwa majina ya wanaume watatu. Ni baada ya makala ya mwaka 2008 katika jarida la Physics Today ndipo wanafizikia walipoanza kuliongeza la kwake.

Kwa hiyo, Mkuu wa Idara, unapopitia maombi ya nafasi ijayo, fungua na programu za mwombaji, uzisome kama unavyosoma machapisho yake. Nawe msimamizi wa uzamivu, mwanafunzi wako mpya akija, mpe mwezi wa kwanza aisawazishe programu anayoirithi kabla hajaongeza mstari wake hata mmoja, na chapisho likitoka, jina lake liwe miongoni mwa waandishi.